Kisanduku Kisicho na Neno

Maneno haya, ya kuigeuza gemu ya kompyuta kuwa katuni, niliyasema jioni moja ndani ya Ngome ya Lamu, mbele ya walimu, wazazi na vijana. Umeme ulikatika katikati na waliokaa nyuma hawakusikia nusu ya pili, kwa hiyo nimeyaandika. Pale nilipojing'ata ulimi nimejirekebisha. Kwingine nimeyaacha kama yalivyotoka.

Assalamu alaikum. Walimu wangu, wazee wangu mlioacha kahawa na bao hapo nje Mkunguni mkaja kumsikiliza mwanamke akizungumzia gemu, kina mama, na nyinyi vijana mliojipanga karibu na mlango ili mtoroke mapema: shukrani, na karibuni.

Nitaanza na ugomvi. Mtoto wa kaka yangu, wa mtaa wa Langoni, na rafiki yake wa mtaa wa Mkomani walishindana kwenye kompyuta yangu kuukuu. Gemu ile niliitengeneza mwenyewe, usiku, baada ya kufunga saiba, duka letu la kompyuta na intaneti. Mashua mbili zang'oa nanga mbele ya gati ya mji, zaelekea kijiji cha Shela, zazunguka boya, zarudi. Basi. Hakuna bunduki wala joka. Yule wa Mkomani akashinda. Mbio zilichukua dakika sita, mabishano yakachukua siku tatu. Huyu asema aliibiwa upepo, yule asema upepo hauibiwi, huachwa na asiyejua kubisha chombo kwenda kinyume cha upepo. Kila walipozisimulia barazani zilikuwa mbio nyingine kabisa. Siku ya tatu nikawaambia, nyamazeni, yupo shahidi asiye na upande. Tuiulize gemu yenyewe itusimulie, tena kwa picha, kama katuni ya gazetini, ili hata asiyekuwapo aelewe.

Nilidhani ni kazi ya jioni mbili. Huu sasa ni mwezi wa tano.

Nieleze kwanza kwa nini jambo hili lawezekana. Ukiwapiga video watoto wanaocheza mpira ufuoni, kamera haijui mpira ni nini, yaona rangi zikisogea tu. Gemu ndiyo iliyouumba ule ulimwengu wake, na kila kufumba na kufumbua yapiga hesabu: mashua hii iko hapa, mwendo wake huu, tanga limelala upande huu, mwenzake yuko umbali huu. Ukiiambia iziandike hesabu hizo kwenye faili badala ya kuzitupa, wapata daftari la safari kama la nahodha. Wachezaji wa Doom, gemu iliyotoka mwaka 1993, wanalijua hili zamani. Mtu akirekodi mchezo wake wa Doom, haihifadhiwi picha hata moja. Zahifadhiwa amri zake tu, mara 35 kwa kila sekunde: songa, geuka, piga. Faili ni dogo mno, na gemu ikizisoma zile amri upya, yaucheza mchezo ule ule mwanzo hadi mwisho bila kukosea hatua. World of Warcraft nayo, iliyoanza mwaka 2004, ukiiamuru huandika mapigano yote kwa maandishi, mstari kwa mstari, nani kampiga nani na kwa nguvu gani.

Ndiyo sababu sikuanza na mpira wa pleisteshen, ingawa najua huko ndiko ziendako pesa zenu za bajia. Gemu nyingi za kununua zimefunga madaftari yao, hatuyasomi. Yangu iko wazi kwa kuwa ni yangu.

Basi, gemu yangu huandika mara kumi kwa sekunde. Dakika sita ni sekunde 360, kwa hiyo mistari 3,600 kwa kila mashua. Ukurasa wa katuni, ukitaka usomeke, una visanduku vya picha vinane hivi. Hapo ndipo penye kazi, jamani. Kuchora ni jambo la baadaye. Kazi ni kuzitupa nyakati 3,592 na kubakisha nane, na aliyeshuhudia akiziona zile nane aseme, naam, ndivyo ilivyokuwa.

Wako waliotutangulia. Mwaka 2006 Ariel Shamir, Michael Rubinstein na Tomer Levinboim walichapisha njia ya kugeuza michezo ya kompyuta yenye picha za pande tatu (3D) kuwa katuni. Wazo lao nililipenda kwa kuwa hata mtambaji wa hadithi wa kwetu angelikubali: tazama pale wahusika wanapokutana. Mtu akitembea peke yake ukumbini hajawa hadithi. Akitokea wa pili, hapo pana jambo. Na kwa kuwa ulimwengu wa gemu bado uko ndani ya mashine, programu yaweza kurudi kwenye dakika ya nne ikaweka jicho lake popote itakapo, juu ya foromali, ule mti ubebao tanga, au usawa wa maji kabisa, mahali ambapo mchezaji mwenyewe hakupata kupaona. Miaka mitatu baadaye, 2009, Chia-Jung Chan, Ruck Thawonmas na Kuan-Ta Chen walifanya jaribio lao kwa World of Warcraft. Wao walianzia kwenye picha zilizopigwa ndani ya gemu pamoja na daftari lake, programu ikazipa alama kwa uzito wake, ikachagua, ikazipanga kurasani.

Nikafuata njia yao. Nikayapa matukio alama: kugongana kumi, kupitana sita, kugeuza tanga tatu, kuzunguka boya tano. Nikabonyeza. Ukurasa ukatoka, na wallahi nilitaka kulia. Visanduku vinane, na saba vyote ni mashua mbili zikisuguana ubavu! Sikukumbuka kwamba vijana hawa hugongana kwa makusudi, tena mara ishirini kwa safari moja. Mshindi hakuonekana akifika. Kwa hesabu ya mashine, kufika hakukuwa na alama yoyote, kwa sababu mimi mwenye akili zangu sikuona haja ya kuandika kwamba mbio zina mwisho.

Nikarekebisha. Tukio likijirudia karibu na mwenzake, alama zake zapungua nusu, kisha nusu tena, kama mgeni anayerudi kuomba chumvi. Mwanzo na mwisho vikapewa nafasi zao za lazima. Na ukubwa wa kisanduku ukafuata uzito, lenye kishindo likapata upana wa ukurasa mzima. Ukurasa wa pili ulikuwa na sura. Nikauchapisha pale saiba, nikaupeleka nyumbani, nikampa bibi.

Bibi yetu ni msomi wa chuo cha Kurani, nazo barua zake zote za ujanani ni Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Alivaa miwani, akaitazama karatasi muda mrefu, akaniuliza: "Mbona huyu mefika, kisha ndiyo kwanza yuwang'oa nanga?"

Watoto walicheka hadi wakakaa chini. Mimi sikucheka, nilisimama kama mlingoti. Alikuwa ameanzia kulia! Mkono wake na jicho lake vimezoea kuanzia kulia miaka yote, na hakuna popote pale ukurasani palipomwambia aanzie kushoto. Wajapani, ambao katuni zao ni bahari nzima, huzisoma kuanzia kulia hadi leo. Kwa hiyo bibi hakukosea, aliyekosea ni mimi niliyedhani ukurasa una mlango mmoja.

Kugeuza mpangilio ni mstari mmoja wa programu. Lakini sikilizeni mtego uliopo. Ukigeuza mpangilio wa visanduku, salama. Ukigeuza picha yenyewe, kama kwenye kioo, umeharibu. Katuni za Kijapani zilipoanza kuchapishwa Ulaya na Marekani, kuna wachapishaji waliogeuza ukurasa mzima, na wapiganaji wote wa panga wakawa wa mashoto. Kwangu mimi ni vibaya zaidi. Ukienda Shela kutoka mjini, kisiwa cha Manda kiko mkono wako wa kushoto. Ukiigeuza picha, Manda yahamia kulia na tanga lalala upande usiowezekana kwa upepo ule. Msomaji wa Nairobi hatajua. Baharia wa hapa atakitupa kitabu baharini.

Sasa nije kwenye lile la kati ya visanduku. Watu huniuliza, kama umezitupa nyakati 3,592, msomaji aelewaje? Nami huwajibu, tokeni nje. Mitaa yetu ni vichochoro, na kuna mahali nyumba mbili zimeunganishwa kwa juu na wikio. Chini wapita punda, juu mtu atoka nyumba moja kuingia ya pili bila kukanyaga barabara. Kisanduku na kisanduku ni nyumba mbili. Uchochoro ule mweupe kati yake hauna kitu. Wikio hujengwa na msomaji kichwani mwake. Aona mashua inayoelekea boya, kisha aona mashua ambayo boya liko nyuma yake, na kule kuzunguka, kulala kwa chombo, maji kuingia, baharia kupiga kelele, vyote avijenga yeye. Uchochoro ukiwa mpana kupita kiasi, wikio haufiki ng'ambo. Ukiwa mwembamba kupita kiasi, nyumba zasuguana, kama mashua zangu saba.

Na hili si geni kwetu. Ubeti wa utenzi una vipande vinne, mizani minane kila kimoja. Vitatu vya mwanzo vyaitikiana, cha nne chaibeba bahari ya utenzi wote. Mshairi wa zamani alikuwa na vita nzima mkononi na nafasi ya mizani 32. Alijua cha kutupa. Nimejaribu kuupanga ukurasa kwa safu za vinne vinne, cha nne kikirudi kila mara kwenye jambo moja, yaani umbali kati ya mashua mbili, na kwa jicho langu wasomeka vizuri kuliko mpango mwingine wowote nilioujaribu. Labda ni upendeleo. Mimi nimelelewa na tenzi.

Nipite haraka kwenye uchoraji, maana hapa vijana hupenda kuniuliza na mimi sina mengi. Picha ya gemu ikageuzwa kuwa mchoro kwa kulainisha rangi, kuzipunguza ziwe chache, na kutilia wino mahali rangi moja inapoachana ghafla na nyingine. Kompyuta yangu ya zamani yafanya hivyo kwa ukurasa mzima kabla chai haijapoa. Nilijaribu pia zile programu mpya zinazochora kwa kuambiwa maneno. Ziliniletea mashua nzuri sana yenye matanga matatu ya mraba, na baharia aliyebadilika sura katika kila kisanduku, kofia ikaja ikatoweka. Nikaachana nazo. Labda mwakani.

Maneno ndiyo yaliyonipa shida tamu. Mwaka 1996 David Kurlander, Tim Skelly na David Salesin walieleza programu iliyogeuza mazungumzo ya mtandaoni kuwa katuni, ile ambayo Microsoft waliitoa kwa jina la Comic Chat, kwa sura alizochora Jim Woodring. Watu wakiandika, yenyewe yapanga nani asimame wapi na viputo vya maneno vikae vipi ili anayesema kwanza asomwe kwanza. Yasoma hata hisia. Ukiandika kwa herufi kubwa zote, mhusika wako apaza sauti. Ukiandika neno la "mimi" mwanzoni, ajionyesha kifuani, na la "wewe", amnyoshea mwenzake kidole.

Kwa Kiingereza hilo ni jepesi, kwa sababu "mimi" wao husimama peke yake kama mnazi. Haya, mwenzangu akisema "nimekuona", mimi iko wapi? Wewe iko wapi? Zote mbili zimo ndani ya neno moja, moja mlangoni na nyingine chumba cha kati. "Hukunipata" ina watu wawili na kukana juu. Programu inayotafuta neno lililosimama peke yake itapita hapo isione mtu. Ilinibidi niifundishe kupasua kitenzi kama nazi, kichwa cha kitenzi nani, kati nani, ndipo mhusika ajue amnyoshee nani kidole. Ilikuwa kazi ya wiki mbili, na kwa kweli ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote. Waalimu wa Kiswahili mliomo humu, hizo ngeli na viambishi mnavyowatesa navyo watoto, nimevitumia.

Maneno yenyewe nayaandika kwa mkono kutoka kwenye sauti niliyoirekodi kwa simu. Nilijaribu programu ya kusikiliza. Kijana alisema "fumbua mato", yaani macho, ikaandika "fumbua mtoto". Lahaja yetu ya Kiamu bado hawajaisikia huko waliko.

Ile simu ndiyo iliyonifikisha kwenye jambo ninalotaka hasa kuwaambia.

Yalifanyika marudiano. Sebule ilijaa: kaka yangu, shemeji, bibi, watoto wa jirani wasiohesabika. Nikaiweka simu mezani irekodi. Kijana wetu aliongoza tangu gatini. Kuzunguka boya aliongoza, kurudi aliongoza. Kisha kwa tamaa ya kukata njia akapita karibu na fungu la mchanga, na maji yalikuwa yamekupwa. Mashua ikakaa mchangani. Sekunde kumi na moja. Mwenzake akaja, akapita, akaenda zake.

Nikaipa programu kazi. Katika kisanduku cha tano kijana wetu yuko mbele. Katika cha sita yuko nyuma. Basi. Hakuna kati. Bibi, ambaye sasa ana nakala yake ya kulia, akauliza, "Kwani huyu melala?"

Nikafungua daftari la gemu. Sekunde zile kumi na moja zimo, mistari 110. Mwendo sifuri, sifuri, sifuri. Hakugonga mtu. Hakugeuza tanga. Hakukutana na yeyote, hadi alipopitwa, na alama sita za kupitana zilikwenda kwa mwenzake. Kwa mashine, hakuna kilichotokea. Kumbe hicho ndicho kisa chote! Ukikiondoa, mbio zile hazina maana, zimebaki mashua mbili na mshindi.

Wazee wangu, nyinyi mwakijua kifo cha Fumo Liyongo. Achomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe mwenyewe. Ainuka na upinde wake, apiga goti karibu na kisima, mshale tayari. Na hapo afa. Lakini haanguki. Watu wamwona vile, waogopa, hawateki maji, mji wapatwa na kiu, mamake aletwa ambembeleze. Siku zapita. Mtu amepiga goti, hasogei. Mpe Liyongo daftari la gemu yangu, litaandika sifuri, sifuri, sifuri. Mashine yangu ingechora sindano, kishindo, kisha ingerukia mwili ulioanguka, na kile kisima ingekitupa pamoja na zile nyakati 3,592.

Nilifanya nini? Nikairudia ile sauti. Mashua ilipokaa mchangani watoto walipiga ukelele mmoja, kisha sebule nzima ikanyamaza. Wasikia feni tu. Nimeisikiliza mara nyingi, na kila mara nywele zanisimama. Kwa hiyo sasa programu haisikilizi kelele peke yake, yasikiliza mabadiliko. Sauti ikipanda ghafla, yatia alama. Ikishuka ghafla, yatia alama vilevile. Daftari la gemu lajua kilichotendeka, na waliokaa kutazama ndio wajuao kilichokuwa kizito. Mtambaji wa barazani hufanya hivyo hivyo, akiona macho yamemkodolea, apunguza mwendo.

Si dawa ya kila kitu. Anayecheza peke yake usiku hana sebule. Siku moja muadhini aliadhini, watoto wakanyamaza kwa heshima, na programu ikatuchorea kisanduku kikubwa cha mashua isiyofanya chochote. Na jambo la kurekodi watu lataka ruhusa. Mimi huwaambia kabla sijabonyeza, na sauti naifuta nikishaitumia. Mzazi yeyote ambaye mwanawe ataingia kwenye mradi huu nitamwendea nyumbani kwanza.

Naona mkono wa mzee pale... Naam, ami, nimesikia. Auliza kama hii haitawazidishia vijana kucheza badala ya kusoma. Yawezekana, sikufichi. Niseme tu niliyoyaona kwetu: yule wa Mkomani, ambaye kitabu kwake ni adui, amekaa jioni nne akiandika maneno ya viputo na kuyafuta, kwa sababu kiputo hakipokei zaidi ya maneno kumi.

Nimalizie na karatasi zenyewe. Nimechapisha marudiano yale, kurasa mbili, rangi nyeusi na nyeupe. Kisanduku cha sita sasa ni kipana, ukurasa mzima kwa upana: mashua juu ya fungu, tanga limelegea, na kwa mbali, dogo, tanga la mwenzake laja. Hakina neno hata moja. Mtoto wa kaka yangu ameniomba nikiondoe. Asema, "Shangazi, waniaibisha." Mshindi wake ameniomba nikiache, tena asema hapo ndipo yeye alipoogopa, kwa kuwa alidhani naye atakwama. Nimekiacha. Lakini nimemwahidi wetu kwamba akinionyesha kisanduku kingine kinachobeba mbio zile, nitabadilisha, naye tangu jana analisoma lile daftari la mistari 3,600, mmoja mmoja.

Karatasi ziko mezani hapo, chukueni. Wa kuanzia kushoto, fungu lenu ni hili. Wa kuanzia kulia, lenu liko upande wa dirisha, na bibi ndiye aliyelikagua.